Fundi Bomba Kazini

Kazi ya Mama Tathmini, kama wenzake walivyomwita kwa utani ofisini, ilikuwa kuwafuatilia vijana waliohitimu mafunzo ya ufundi ya mradi wao na kuwahesabu waliopata kazi waliyosomea. Siku hiyo alifuatana na mkuu wake. Walimkuta binti aliyesomea ufundi bomba akipanda ngazi za jengo la ghorofa, ndoo ya maji kichwani, blauzi imelowa mgongo mzima.

"Mabomba ya humu yameoza, dada," alisema binti akitweta. "Kuyatengeneza naweza, ila vifaa mlivyotuahidi havikuja. Basi nawapandishia wapangaji maji kwa ndoo."

Mkuu akatabasamu. "Huyu ana ajira kwenye fani yake."

"Fani gani, bosi? Anabeba ndoo."

"Si anafikisha maji majumbani mwa watu? Bomba nalo hufanya nini zaidi ya hapo?"

Alicheka peke yake, kisha akamtaka binti asimame vizuri na ndoo yake apigwe picha. Binti akasimama, akatabasamu, akidhani picha ndiyo italeta vifaa. Mama Tathmini alimtua ndoo.

"Mhesabu wewe," alimwambia mkuu. "Mimi simhesabu."

Kabla ya wiki kwisha alihamishiwa stoo. Mumewe alipomuuliza kisa wakiwa wanakula, alisukuma sahani pembeni.

"Tumalize kula kwanza," alisema. "Uchafu ule hauzungumzwi mezani."