Kengele Isiyopigwa

Uani kwa Fundi Sikio kulikuwa na sheria moja: yeye akisikiliza, wengine wote hufunga midomo. Gari likiletwa hakukimbilia kufungua boneti kama mafundi wengine. Alisimama kando, mikono nyuma, macho kayafumba, injini ikinguruma. Kisha akatoa hukumu. "Vali." Au, "Mkanda huo." Au, "Gari zima, mbovu ni dereva." Watu wakacheka, wakaamini, wakarudi na magari mengine. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshastaafu.

Binti yake naye alikuwa na lake. Tangu ulimi wake ulipofunguka hakuchoka kuuliza, nao wakamwita Kwanini. Sasa alikuwa sekondari, na mwalimu wa sayansi alikuwa amepata mtu wa kumshughulisha.

"Kila mmoja aje na nadharia tete yake," mwalimu aliwaambia. "Dhana, yaani. Halafu aitafutie njia ya kuivunja. Dhana isiyokubali kuvunjwa hiyo si sayansi, ni majivuno."

Kwanini akaandika: pamba huzuia sauti kuliko magazeti. Angeweka kengele ndogo ndani ya boksi, alizungushie pamba, kisha magazeti, na mtu akae nyuma ya pazia aseme lini amesikia. Mwalimu akasoma, akatikisa kichwa.

"Na huyo mtu akiwa anabahatisha?"

"Habahatishi, mwalimu. Ni baba yangu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Hata akiwa babu wa babu yako. Mara nyingine usiipige kengele kabisa. Muulize vilevile. Hapo ndipo utajua unapima boksi au unapima mdomo wa mtu."

Jumamosi mchana Fundi Sikio akaketi nyuma ya pazia la sebuleni, amefurahi kama bwana harusi. Kwa kila raundi Kwanini alilitikisa pazia kidogo, ndiyo ishara ya kumtaka ajibu.

Pamba. "Nimesikia!"

Magazeti. "Nimesikia! Leta ngumu, mama, hizi za watoto."

Kengele akaiacha mezani, hakuigusa. Akatikisa pazia.

"Nimesikia! Hiyo ilikuwa ya mbali kidogo, lakini nimeinasa."

Kwanini akatabasamu, akidhani baba anamtania. Akarudia. Akachanganya zilizopigwa na zisizopigwa, na kila pazia lilipotikisika sauti ile nzito yenye raha ilijibu, "Nimesikia!" Tabasamu likamkauka mdomoni. Pamba na magazeti havikuwa na maana tena. Alikuwa na dhana nyingine, aliyoogopa hata kuiandika: baba hasikii.

Ikabidi aitafutie njia ya kuivunja. Mungu wangu, jinsi alivyotaka ivunjike! Huenda ni mafua. Huenda baba alitaka tu kumfurahisha mwanawe. Basi jioni ile, baba akinywa chai uani, uso ukutani, Kwanini akaokota spana kubwa, akasimama nyuma yake, akaipiga rimu ya gurudumu kwa nguvu zake zote. Kuku wakatawanyika. Jirani akatukana juu ya ukuta. Baba akapuliza chai yake, akanywa.

Mama alikuwa mlangoni. Akamshika binti mkono, akamvutia jikoni.

"Unatafuta nini wewe?"

"Mama, baba ha..."

"Najua." Mama aliusukuma mlango ukafungika. "Ulifikiri wewe ndiye wa kwanza? Kwa nini siku hizi simsemeshi mpaka anitazame? Anasoma midomo. Injini ya mtu ikiugua, yeye humtazama mwenye gari anavyokunja uso, ndipo anafumba macho."

"Na lile lori la mchanga?"

Mama akageukia jiko. Lori lile Fundi Sikio alikuwa amelipitisha, nalo likafia katikati ya mlima wa barabara kuu, likarudi kinyumenyume na kubomoa ukuta wa watu. Fundi akasema kosa ni la dereva. Watu wakakubali, maana Sikio amesema.

"Sikia, mwanangu," mama akasema, sauti yake imeshuka. "Sikio lile ndilo linalotulisha. Ukilivunja, tutakula nini? Tutakula matokeo yako?"

Kwanini akaenda kulala. Usingizi ulimpa kisogo. Jumatatu akamwambia mwalimu kuwa boksi limeloa, aongezewe muda. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika sayansi.

Alipotoka shuleni alikuta basi dogo la wanafunzi uani, lile lililokuwa likibeba watoto wa shule ya msingi na kuupanda mlima uleule kila siku. Mwenye basi alikuwa mtu wa haraka, mkono mmoja kiunoni. Dereva alikuwa kwenye usukani. Baba mdogo, mdogo wake fundi na msaidizi wake, alifungua boneti, akainamisha kichwa, akakunja uso mara moja tu. Kwa jirani, kompresa ya fundi pancha, ile ya kujazia upepo, ilikuwa ikitetemesha ardhi kama injini nyingine.

"Fundi, kesho asubuhi lina watoto," mwenye basi akasema. "Nataka neno moja. Liende au lisiende?"

"Washa," Fundi Sikio akasema.

Injini ikawaka. Ndani ya mngurumo Kwanini akasikia chuma kikigonga chuma, koh, koh, koh, kama mzee wa kifua. Akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama viatu vyake.

"Baba mdogo, si unasikia?" akanong'ona.

"Nyamaza. Kaka anasikiliza."

"Inagonga!"

"Nani atamsahihisha Sikio? Wewe? Mimi? Ukimfundisha kaka yako kazi aliyokufundisha yeye, umebaki na ndugu?"

Kwanini alijaribu kupita mbele ili baba auone mdomo wake. Akachelewa. Fundi alikuwa ameshafumba macho, mikono nyuma, kidevu juu. Angemvuta shati, angefukuzwa kama mtoto mtundu, na basi lingepita. Wangemwamini nani, binti wa sekondari au Sikio? Akilini aliwaona watoto wa basi lile, wengine anawajua kwa sura, mabegi makubwa kuliko migongo yao.

Akakimbia hadi dirishani kwa dereva. "Zima."

"Unasemaje?"

"Zima, kaka, nakuomba. Kidogo tu. Zima umtazame."

Dereva akamwangalia usoni, akazungusha ufunguo. Injini ikafa. Ikabaki kompresa ya jirani, na sauti za watu barabarani.

Fundi Sikio aliendelea kusikiliza.

Akainamisha kichwa upande wa kulia. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayefuata wimbo anaoupenda. Mwenye basi akafungua mdomo, akaufunga. Baba mdogo akaweka mkono juu ya boneti, akauondoa kama aliyeungua. Kwanini alitamani ardhi impasukie, na bado hakuondoa macho.

"Safi," Fundi Sikio akatamka, macho yangali yamefumba. "Inaimba kama chungu cha mama. Liende."

Akafumbua macho, tabasamu likiwa tayari, akakutana na nyuso. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mwisho akaliona feni la injini, limesimama tuli.

"Imezimwa lini?"

Kwanini akasimama mbele yake. "Mapema, baba. Ni mimi."

Fundi akamgeukia mdogo wake. "Na wewe ulisikia nini ilipokuwa inawaka?"

"Inagonga, kaka. Tangu ilipoingia getini."

"Ukanyamaza."

"Wewe ni kaka yangu."

Fundi Sikio akanyoosha mkono dirishani. Dereva akampa ufunguo bila kuambiwa. "Haliendi," akamwambia mwenye basi. "Shusheni injini. Yeye atafanya, na mkitaka fundi mwingine, mtafuteni." Akamkabidhi mdogo wake ufunguo, akaingia ndani.

"Na magari yangu mengine aliyoyapitisha je?" mwenye basi akauliza, hasira ikimpanda. Mama, aliyeshuhudia yote kutoka jikoni, alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Kwanini alimkuta baba sebuleni, ameketi kwenye kitanda cha wageni, mgongo mlangoni.

"Baba, nisamehe."

Hakugeuka. Akasema tena, kwa nguvu, mpaka mama akaitika kutoka nje. Mgongo ule haukutikisika. Ni sikio, au ni hasira? Hakujua jaribio la kuvitenganisha viwili hivyo, na hata angelijua, asingethubutu.

Akazunguka kitanda, akapiga magoti mbele yake, mahali pa mwanga, ili midomo yake ionekane vizuri. "Baba," akaanza.

Baba akaugeuza uso ukutani.