Kutembea kwa Bi Masouda

Peninah aliiandika ile namba kisha akaitazama, akitamani ijifute yenyewe. Mita mia na arubaini. Hospitali ya ng'ambo iliyokuwa tayari kumpa Bi Masouda ini jipya ilitaka mgonjwa aende angalau mita mia mbili na hamsini kwa dakika sita. Asiyezifikisha, walisema madaktari wa huko, mwili wake hautaustahimili upasuaji. Faili lilitakiwa liondoke Jumatano, na leo ilikuwa Jumatatu.

Kazi ya Peninah katika hospitali hii ya Maskati ilikuwa kuwanyoosha wagonjwa viungo na kuwapima nguvu. Alikuja kutoka Nyeri mwaka 1999, sasa wa nne huo, na Kiswahili chake ndicho kilichomfanya apewe akina Bi Masouda, Waomani waliozaliwa Unguja. Kwa hilo alivimba kichwa kidogo. Mkalimani wa nini, na lugha ni moja?

Ila mama huyu alimshangaza. Macho ya manjano, tumbo limejaa maji, hayo sawa. Lakini alipompa mkono aliubana barabara, na kwenye kiti aliinuka mara tano bila kushika kitu. Kisha akaonyeshwa ujia wa mita thelathini, koni huku na koni kule, akaenda polepole kama asiye na haja ya kufika. Alisimama kumwamkia mfagizi. Alisimama tena kumuuliza muuguzi Nasriya hali ya mama yake. Peninah alidhani ni ujanja wa kuvuta pumzi bila kuona aibu, akanyamaza, maana sheria ya kipimo hairuhusu maneno mengi.

Kumbe wapi. Mlangoni, akimngojea mwanawe Humam alete gari warudi kwao Al Amerat, Bi Masouda alimpigia dada yake simu.

"Leo wamenambia nitembee tu. Basi nkatembea, nkawaamkia watu, raha tupu. Kipimo chenyewe nadhani kesho."

Peninah aliyekuwa akipita akaganda pale pale. Kwao Nyeri kutembea ni kwenda kwa miguu, basi. Kwa mama huyu kutembea ni kuzuru watu na kupunga upepo, na mtu mwenye heshima zake akitembea hana mbio. Naye asubuhi alimwambia nini? "Mama, tembea vile unaweza, mpaka niseme simama." Masikini, mgonjwa akatii. Peninah aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Nusura amkoseshe mtu uhai kwa neno moja, tena la lugha ile ile aliyojivunia.

Alimfuata akamweleza yote, hakujitetea. Bi Masouda alicheka mpaka akajishika tumbo.

"Sasa mwanangu, si ungenambia niende upesi?"

"Nisamehe, Mama. Daktari akikubali, tutarudia kesho. Usikimbie, lakini uende haraka kabisa, kama mtu amechelewa. Na usisalimie mtu."

"Nisimwamkie mtu? Hapo ndo umenipa kazi."

Daktari alikubali. Kesho yake Bi Masouda alikwenda, akampita mfagizi bila kumtupia jicho, na dakika tatu za mwanzo Peninah alikuwa akitabasamu peke yake. Ya nne ikamfuta tabasamu. Bi Masouda aliegemea ukuta, midomo imekauka, jasho linamtiririka. Saa ilikuwa inakwenda. Peninah aliogopa sasa, aliogopa kwa kweli, kwamba huenda ile namba ya jana ilisema ukweli na yeye amemtesa mtu bure.

"Ukiweza, Mama, endelea."

Bi Masouda alifumba macho. Alipoyafumbua alijisukuma kutoka ukutani, akaizunguka koni, akaenda, tena akaenda, mpaka Peninah akasema simama.

Alimletea kiti. Hakukitaka.

"Ngapi?"

"Mia mbili sabini na moja." Peninah alikuwa analia, wala hakuficha.

"Nao wanataka ngapi?" Hilo hakuna aliyemwambia.

"Mia mbili hamsini."

Bi Masouda alihesabu kimoyomoyo, kifua kikipanda na kushuka.

"Basi wape hizo zao," alisema. "Ishirini na moja nnazo mwenyewe, za kurudia nyumbani."