Mzabibu Uitwao Adongo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi Zadok Odoyo alishuka ziwani pale Kigongo na ndoo mbili, moja ya njano na moja ambayo rangi yake ilishatoka zamani. Alipanda nazo zimejaa, akaziweka mbele ya mlango wake, akaanza kumwagilia mzabibu kwa kopo, taratibu, akizunguka shina. Alikuwa amemaliza ndoo ya pili simu ilipolia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Ni Evelina, wa Sengerema. Maji yameanza kutoka vizuri, ahsante. Sasa leo nina mashuka ya wageni. Naomba uniongezee kidogo."

"Mashuka mangapi?"

"Manne. Na blanketi."

"Blanketi la nini na jua hili?"

"Mzee, wewe mwagilia tu. Habari ya blanketi niachie mwenyewe."

Odoyo akarudi ziwani, akaleta ndoo ya tatu. Ng'ambo ya ghuba, huko Sengerema, mzabibu wa Evelina ukadondosha ndoo ya tatu kwenye ncha za matawi yake, naye Evelina akakinga kwa beseni, akaanza kufua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mzabibu uliotokana na ule wa Kigongo. Kilichoupata ule, kiliipata na mingine yote. Ndoo moja huku ilikuwa ndoo moja kwa kila mmoja kule. Watu walishazoea. Waliokuwa na bomba walilalamika kwamba uwanja unakuwa tope kila asubuhi. Wasiokuwa na bomba walipiga simu kama Evelina.

Odoyo alikuwa fundi wa kubebesha miti. Miaka arobaini alizunguka nchi hii na kisu kimoja, jiwe la kunolea na mfuko wa vipande vya nailoni. Alibebesha michungwa Muheza, miembe Tabora, mizabibu Dodoma, akilala kwa watu na kuondoka kabla hawajamchoka. Kazi yenyewe ni hii: unachukua mti wenye mizizi ya nguvu, unaukata kichwa, unapachika kikonyo cha mti ambao tunda lake unalipenda, unafunga, unasubiri. Wa chini anabeba, wa juu anabebwa. Kwa mbali utadhani wameshakuwa kitu kimoja, lakini ukipasua gamba utawaona wawili, kila mmoja na wake.

"Wa chini anaweza kumharakisha wa juu au kumchelewesha," alikuwa akiwaambia wenye mashamba. "Anaweza kumnenepesha au kumkondesha. Kumgeuza awe mwingine, hapo hana uwezo."

Ndiyo maana kwa Evelina, alikobebeshea juu ya mzizi wa porini, maji yalitoka papo hapo, na kwa mwalimu mmoja wa Usagara, mwenye mzizi mlegevu, yalitoka watu wakiwa wamemaliza chai. Lakini yalikuwa maji yaleyale.

Habari ya mzabibu huo ilianza zamani, mkewe Selina alipojifungua mapacha wa kike humo humo nyumbani. Wa kwanza akaitwa Apiyo, wa pili Adongo, kama Wajaluo wanavyowaita. Adongo alikuja alfajiri, akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Wakamzika nyuma ya nyumba. Wiki iliyofuata alipita mtu mwenye daftari la vizazi. Akaandika mtoto mmoja, kwa sababu aliona mmoja.

Apiyo alipotimiza miaka mitano, Odoyo alirudi kutoka Dodoma kwa treni na zabibu ndani ya gazeti. Siku zile kurudi kulikuwa kurudi. Ukishuka njia panda ya Usagara unasikia honi ya pantoni toka mbali, kisha unakuta mkeo ameshapika, kwa kuwa naye ameisikia na kukisia. Apiyo alikula zabibu zile karibu na karo la kuoshea vyombo, akatema mbegu, na mbegu moja ikaota.

"Mbegu ya zabibu haimfuati mzazi," Odoyo alimwambia mkewe. "Hapo anaweza kutoka yeyote. Ukitaka kujua utakachokula, sharti abebeshwe."

Akaingia ndani kunoa kisu. Alipotoka, mche haukuwepo. Apiyo alikuwa ameuchimbua na udongo wake, ameutia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, ameufunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, anauzungusha uani akiuimbia.

"Unafanya nini wewe?"

"Si umesema abebeshwe? Nimembeba."

Selina alicheka mpaka akakaa chini. Odoyo amesikia vicheko vingi katika nyumba za watu, na hicho ndicho anachokikumbuka. Kisha Selina, akipangusa machozi, akauliza, "Na umembeba nani, mama?"

"Adongo."

Selina akasimama, akamvuta mtoto, akailegeza ile kanga kidogo pale ilipoukaba mche, akaifunga upya. Jioni waliupanda mbele ya mlango, na kisu kikarudi mfukoni.

Mzabibu ukakua ukazaa tunda ambalo si jeusi wala si jeupe, la rangi ya pera kwa ndani. Majirani walikuja kuomba, Odoyo akawakatia vikonyo na kuwabebeshea. Selina alipofariki, miaka sita sasa, mizabibu yote ilipukutisha majani siku moja. Evelina alifika msibani na sufuria ya wali kabla hajapigiwa simu.

Mwaka juzi alikuja kijana mmoja, Nathaniel, mtaalamu wa kampuni ya mvinyo iliyofungua shamba huko mbele ya Usagara. Alikuwa na adabu. Aliamkia, akavua viatu, akala ugali na sato, akaonja zabibu, akafumba macho. Kisha akaomba vikonyo.

Fundi wa kubebesha hamnyimi mtu kikonyo, kwa sababu na yeye vyote alivyo navyo aliomba. Odoyo alimkatia ishirini, akavifunga kwenye gunia bichi, akaning'iniza kijikaratasi. Akachukua penseli, akaandika herufi moja moja: ADONGO. Alipomaliza alikitazama kitambo, maana jina lile lilikuwa halijapata kuandikwa mahali popote.

Mwishoni mwa mwezi wa saba mwaka huu Nathaniel alirudi. Safari hii alikuwa na bahasha. Masele, jirani yake Odoyo, Msukuma aliyekuwa akifunga kamba za pantoni mpaka daraja lilipomwachisha kazi, alisogeza kigoda chake ili asikie vizuri.

Barua ilisema kwamba aina hii mpya ya zabibu imesajiliwa kwa jina la Nyota 4. Ilisema mzee Zadok Odoyo anaruhusiwa kubaki na mti mmoja kwa matumizi ya nyumbani, ila asimbebeshee mtu mwingine yeyote.

"Na Adongo?" Odoyo akauliza.

"Mzee, nililiandika kwenye fomu. Kuna mahali panasema, kama jina ni la mtu, ambatanisha cheti. Cha kuzaliwa au cha kifo, chochote."

"Hana."

"Ndivyo nilivyowajibu. Wakasema kama hana cheti, basi siyo jina la mtu. Na kama siyo la mtu, kampuni inachagua la kwake."

"Ala!" Masele akasema. "Kwa hiyo na mimi siyo mtu? Mimi cheti changu kililiwa na mbuzi."

"Mti wenyewe mliupima?" Odoyo akauliza.

"Tulipima vinasaba. Hakuna mwingine kama huu. Mizabibu yetu elfu sita pamoja na huu wako, mzee, ni mti mmoja uliosimama mahali pengi."

"Mbona hilo nililiandika kwenye kile kijikaratasi."

Nathaniel akatoa karatasi ya pili, ratiba iliyosainiwa na meneja. Kwa kuwa shamba linapata maji yake kupitia mti huu, kampuni ilimwomba mzee amwagilie saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, Jumapili ikiwemo. Walimletea na zawadi: mpira wa maji wa mita thelathini na kofia. Kofia ilikuwa na nyota nne.

Odoyo hakubishana. Aliitundika kofia kwenye msumari, akamshukuru mgeni, akamsindikiza hadi barabarani. Kesho yake hakushuka ziwani.

Jua la mwezi wa nane halina mchezo. Siku ya tatu Evelina alipiga simu, akaambiwa avumilie, akasema atavumilia, akaanza kuchota kisimani. Siku ya tano alipiga Nathaniel. "Mzee, unaumwa?" "Siumwi." "Basi tatizo nini?" "Jina." Siku ya nane kampuni ilileta magari ya maji, ikamwaga shambani asubuhi mpaka jioni. Maji yakakaa chini ya mizabibu kama ya kuogea, wala mzabibu hata mmoja haukuyagusa. Kiu haikuwa ya pale.

Odoyo alikaa mlangoni akiutazama mzabibu wake. Majani yalianza kujikunja pembeni, kisha yakalala. Masele alipita na nyavu begani, akamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Bado mgomo?"

"Bado."

"Nyie Wajaluo bwana! Ziwa lote hili na mnakufa kwa maringo."

Siku ya kumi na mbili Apiyo alikuja kwa basi, akipita darajani, kutoka Sengerema anakoshona sare za shule. Ni mama mtu mzima sasa, ana miwani. Aliamkia, Odoyo akaitikia, akamwambia chai ipo. Apiyo hakukaa. Alishika jani, likavunjika mkononi mwake kama mkate mkavu.

"Baba, watakubali lini?"

"Wakikauka."

"Wale hawatakauka. Watang'oa, watapanda kingine, meneja atahamishwa. Anayekauka ni huyu hapa."

"Nataka waandike jina lake, Apiyo. Mahali pamoja tu. Nikifa mimi na wewe, nani atajua kwamba alikuwepo?"

Apiyo alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Hata mimi nataka," akasema. "Lakini nilimbeba, baba. Sikumbeba aje afe kiu mlangoni kwetu na ziwa liko pale."

Kuku alipita akadonoa jani lililoanguka, akaliacha. Kisha mzee akanyanyuka akachukua ndoo ya njano, na Apiyo akachukua ile nyingine. Ule mpira wa kampuni ulibaki umeviringishwa palepale. Walikwenda ziwani mara tisa. Ndoo ya mwisho Odoyo aliimwaga akiwa amepiga magoti, akasema kwa sauti ambayo Apiyo aliisikia vizuri, "Adongo, nisamehe."

Majani yote yakainuka. Hapakuwa na upepo. Yaliinuka kama kichwa cha mtoto aliyekuwa amelala mezani akasikia anaitwa, yakageuza pande zake za chini juu, yakakaa hivyo kidogo, yakashuka.

Simu ikalia. Alikuwa Nathaniel, yuko shambani.

"Mzee, shikamoo. Maji tumeyaona, ahsante sana. Ila kuna kitu umesema sasa hivi?"

"Nimemwita jina."

"Majani ya shamba zima yameinuka, mzee. Elfu sita. Hebu ngoja, niite mimi."

Kwenye simu Odoyo alimsikia kijana akisogea mbali na kuita, kwanza kwa aibu, halafu kwa nguvu: "Adongo!" Mbele ya mlango wa Kigongo majani yakainuka tena. Apiyo akayapitishia kiganja kwa chini, kama mtu anayepapasa shavu.

"Yameitika?" Nathaniel akauliza.

"Ameitika."

"Hii itatusaidia sana," Nathaniel alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Ugonjwa wa ukungu unakaa chini ya jani, dawa haiufikii. Tulikuwa tunapuliza mara mbili. Sasa wataita, jani litageuka, watapuliza mara moja."

Na ndivyo wanavyofanya. Kampuni ilitoa maelekezo mapya kwa vibarua, yakabandikwa ghalani: mpulizaji asimame mwanzo wa mstari, aite kwa sauti, asubiri majani yageuke, ndipo afungue bomba la dawa. Neno la kuita halikuandikwa kwenye maelekezo hayo; msimamizi humfundisha kila kibarua kwa mdomo. Nathaniel alisema aliuliza kama linaweza kuandikwa walau hapo, akajibiwa kwamba karatasi ya kampuni haiwezi kuwa na majina mawili ya kitu kimoja. Makreti yanatoka shambani yamepigwa chapa ya Nyota 4, na chupa nazo. Vibarua wapya, wanaotoka Misungwi na Magu, hawajui Adongo ni nani. Wengi wanadhani ni jina la dawa.

Odoyo anamwagilia asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Habebeshei mtu tena. Watu wanakuja na magunia yao mabichi, anawapa zabibu, anawasindikiza hadi barabarani.

Juzi asubuhi, saa moja na nusu, alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai, Masele amekaa pembeni akishona wavu. Majani ya mzabibu yakainuka, yakageuka, yakashuka. Baada ya kitambo yakainuka tena. Odoyo akanyanyuka nusu kwenye kigoda, kama mzazi aliyesikia mwanawe anaitwa na mtu asiyemfahamu. Kisha akakaa.

"Upepo huo?" Masele akauliza, macho kwenye wavu.

"Hapana," Odoyo akasema. "Wameingia mstari wa pili."