Gugu Lenye Vitunguu

Orpah alilijua gugu lile tangu lilipochanua, na ndiyo maana alinyamaza.

Lilitambaa chini ya migomba ya mama mkwe wake, Gesare, pale Sironga: majani matatu matatu kwa kila kikonyo, na viua vya rangi ya waridi ambavyo mpita njia angevisifu. Gesare alikuwa amelima udongo ule miaka thelathini na hakuwahi kuliona. Alilitia jembe, likaongezeka. Akalitia tena, mvua ikanyesha, likafika kwenye miche ya chai.

"Huu ni ubaya wa mtu," akasema. Mtu mwenyewe alikuwa Jemimah, jirani waliyekosana naye mwaka uliopita, 1966, kwa sababu ya ng'ombe. Sabato iliyokuwa ikija, baada ya ibada, Gesare angemshtaki kwa wazee wa kanisa.

Orpah alikuwa ameolewa miezi kumi, bado anapika katika jiko la Gesare. Mavuno yakiisha angekatiwa shamba lake mwenyewe, na alikuwa ameliwaza mpaka akajua wimbi atalipanda upande gani. Mkataji alikuwa Gesare huyo huyo. Ungekuwa wewe ungesema? Ni rahisi kujibu kama shamba unalo.

Ijumaa asubuhi, wakipalilia, alishindwa kuvumilia. Alipiga magoti, akalichimbua gugu moja taratibu kwa vidole. Shinani palikuwa na kitunguu kidogo, na vingine vidogo zaidi, kama punje za wimbi, vimekizunguka. Akatafuna jani. Uchachu ukamjaza mate, ule ule wa utotoni kwao Nyamarambe.

"Mama, hili si la Jemimah. Kwetu limejaa. Lilikuja na machipukizi ya migomba aliyonipa mama yangu. Alitaka yasafiri na udongo wa nyumbani, nami sikuukung'uta."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu lilipotoa ua."

Gesare akakichukua kile kitunguu, akakigeuzageuza. "Na mbona likilimwa haliishi?"

"Jembe ndilo linalolipanda, mama. Linavitawanya hivi vitunguu. Dawa yake ni vidole, kimoja kimoja, msimu baada ya msimu."

Gesare alilitazama jembe lake, kisha akatazama ng'ambo ya mpaka, ambako Jemimah alikuwa ameinama kazini, mgongo kawapa. Aibu ilimshika waziwazi.

"Wiki tatu nimemnyima salamu," akasema. "Na wewe ukaniangalia tu."

Orpah aliona shamba lake limekwenda, na moyoni akakiri kwamba ni haki.

Gesare alivunja vijiti vinne. Akachomeka viwili chini ya migomba, akatembea hadi kwenye miche ya chai, akachomeka viwili vingine.

"Hapa katikati ni pako," akasema. "Mimi silijui hili gugu. Wewe unalijua."

Kisha akaenda mpakani kumwamkia Jemimah.

Orpah alibaki akilitazama shamba lake la kwanza maishani. Lote lilikuwa limechanua.