Kaburi Lisilo na Mtu

Usingizi unamchukua Eunike akiwa na sindano mkononi, mchana, mvua ikinyesha polepole juu ya bati na shati la mumewe likiwa limetandazwa magotini pake. Begani mwa shati hilo anashona msalaba mwekundu. Kesho Hosea ataondoka na mhubiri na kundi lake kwenda katika krusedi ya injili, mji baada ya mji, mwaka mzima au zaidi, kwa kuwa mhubiri amesema miji ile ni ya Bwana na sharti itwaliwe. Eunike amemwuliza mara nyingi kwa nini anakwenda, naye humjibu kwa maneno ya mhubiri, wala hamtazami. Tangu walipomzika Tito, mtoto wao wa pekee, Hosea hajalitaja jina hilo. Hata mkewe, aliyekuwa akimwita Mama Tito, sasa humwita kwa jina lake la ubatizo, kama wageni wafanyavyo. Bado mshono mmoja, anawaza Eunike, na kitambaa chekundu kinapanuka, kinateleza kutoka magotini, kinakuwa njia, naye yuko juu yake anatembea.

Njia haina mwanzo. Inapita katikati ya mji, na baada ya mji inapita katikati ya mji uleule, uliogeuzwa kama ndani ya kioo, kengele iliyokuwa kushoto sasa iko kulia, na kila wafikapo langoni watu hupiga magoti wakalia kwa furaha, Yerusalemu, Yerusalemu, kisha huambiwa kwamba sio, huinuka, hujipangusa vumbi, huendelea. Ni wengi kama siafu, wenye mavazi ya chuma na wenye miguu mitupu, kila mmoja ana msalaba begani, na Eunike anawatambua kwa masomo ya shule ya misheni: ni wale watu wa Ulaya ya kale waliokwenda kupigana Vita vya Msalaba, ili wautwae mji mtakatifu mikononi mwa Waislamu. Hakuna hata mmoja mwenye uso. Mahali pa uso pana weupe, kama unga uliosawazishwa kwa kiganja. Mama mwenye sindano, anasema mmoja anayetembea kando yake, nyuzi zetu zimekatika, tushonee. Eunike anamwuliza yeye ni nani, naye anajibu kwamba ndiye kiongozi wa njia. Na njia inakwenda wapi? Inakwenda mbali na kule inakotoka, anasema.

Basi Eunike anaketi juu ya jiwe, nao wanapanga mstari mbele yake. Kila anapouinua msalaba uliolegea ili aushone upya, anakuta kitu kimefichwa kati ya kitambaa na bega. Kwa kijana wa ukoo mkubwa anakuta donge la udongo. Kaka yangu amerithi mashamba yote, anasema kijana, nami nasikia huko ng'ambo kuna ardhi isiyo na wenyewe. Inao wenyewe, mwanangu, anamwambia Eunike, na kijana anainamisha weupe wake. Kwa askari mzee anakuta damu ambayo haijakauka. Alimwua jirani yake, na padre amemwahidi kwamba atakayefika atafutiwa yote. Kwa bwana mwenye farasi anakuta ufunguo wa ghala la mji ambao bwana huyo hajauona bado, na huyu ndiye aimbaye zaburi kwa sauti kuliko wote. Mnene mmoja hana kitu. Eunike anapapasa, hamna. Nimemkimbia mama mkwe, ananong'ona yule mnene, lakini usiwaambie hawa, wananihesabu mtakatifu. Eunike anacheka bila kutaka. Kisha anakuja mtu ambaye chini ya msalaba wake mna sala tu, safi, haina doa, nayo inamtia hofu kuliko ufunguo, maana upanga wa mtu huyu umenolewa sawasawa na wa wenzake.

Wanakwenda kuokoa nini? Eunike anamwuliza kiongozi. Kaburi la Bwana. Lakini Bwana hayumo, anasema Eunike, malaika aliwaambia wale wanawake asubuhi ile. Ndivyo, anasema kiongozi. Hili lisilo na mtu limepata majeshi, je, lenye mtu litapata nani?

Njia inajikunja, na ukuta wa mji unasimama mbele yao. Juu yake mwanamke aliyefunika kichwa ameshika mtungi wa maji. Haulizi wametoka wapi. Dada, anamwambia Eunike kwa sauti ya chini, waambie wakanyage polepole, watoto wamelala. Eunike anageuka awaambie, na panga zimekwisha kutoka alani, na kati ya mabega yale yote anaona shati analolijua likielekea langoni. Anaita, Baba Tito. Katika jeshi zima anasimama mtu mmoja. Hana uso, lakini anasimama kama Hosea asimamavyo, bega moja chini. Eunike anauinua msalaba, na chini yake anakuta kandambili moja ya mtoto, ukanda wake umefungwa kwa waya. Anauliza, unakwenda kuokoa kaburi lipi, Baba Tito? La mtoto wetu limeota majani, anasema Eunike, napalilia peke yangu na mvua inanishinda.

Kule kuna ngoma na vipaza sauti, anasema mtu yule hatimaye. Nyumbani ni kimya, Mama Tito. Nakikimbia kile kimya.

Tusimcheke, kwa maana wengi wamebeba silaha kwa sababu ndogo kuliko hiyo, wakaiita amri ya Mungu. Eunike hamkemei. Anauvuta uzi, na msalaba unaachia bega, na uzi unaendelea kuja, njia inafumuka nao, na miji, na farasi, mpaka mikononi mwake mna uzi mwekundu mtupu na mvua juu ya bati.

Hosea amesimama mlangoni. Anauliza kama shati liko tayari. Eunike anamtazama, lakini mwanga uko nyuma yake na usoni pake ni giza tupu, naye hajui kama ameamka au amefika tu katika mji mwingine wa njia ile. Anamwambia, kabla hujaondoka, twende tukampalilie Tito.

Hosea hasogei. Kisha anakuja, anapiga magoti, analaza kichwa chake mapajani pa mkewe, juu ya shati, na mabega yake yanaanza kutikisika. Uso wake umezama katika kitambaa, haujulikani kama upo au haupo. Eunike anamwekea mkono kisogoni, wala hauinui uso huo ili autazame.