Faili Lililofungwa kwa Ajili ya Mkwe

"Umefuta?" Jescah aliuliza, kwa sauti iliyowafanya wateja waliokuwa wakingoja fotokopi wageuke.

"Nimefuta. Na zile disketi zako mbili za akiba nimezifomati. Mimi sichezangi na virusi."

Aliyesema hivyo ni Cornelius, mwenye ofisi ile ya kuchapa karibu na soko la Kakamega, miguu juu ya stuli, kikombe cha chai mkononi, anangoja kushukuriwa. Wiki iliyotangulia alikuwa Nairobi kwenye semina ya siku mbili, akarudi na programu ya kukagua virusi na maneno mengi kuliko programu yenyewe. Mwaka ule wa tisini na saba kila mtu mjini alikuwa na kisa cha kompyuta iliyouawa na virusi, na Cornelius alikuwa ameapa kwamba yake haitakufa.

Jescah alinyakua ripoti kutoka kwenye printa. Mafaili mia tatu na ushei yalikuwa safi. Moja lilikuwa na virusi. Na moja, la Mwalimu Erastus, lilikuwa limeandikiwa: halikukaguliwa, limefungwa kwa neno la siri.

"Bosi, halikukaguliwa! Maana yake haijulikani lina nini. Nani amesema ni gonjwa?"

"Kitu kinachokataa kufunguliwa kinaficha nini?"

"Na hili lenye virusi ni la nani?"

Cornelius alikunywa chai kwanza. "Hilo ni langu, la mchezo wa karata. Hilo nimelitibu."

Lahaula! Lenye ugonjwa limetibiwa, lisilojulikana limezikwa, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda posta tu, nusu saa!

"Ungeningoja! Nalifungua, linakaguliwa, nalifunga tena. Dakika mbili!"

"Sheria ni sheria."

"Sheria ya semina ya siku mbili! Hata mwizi wa kuku husikizwa kabla ya kufungwa!"

Wateja wakacheka. Jescah hakuona cha kuchekesha. Mwalimu Erastus Shikanga alikuwa mstaafu wa kule Iguhu, macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, hawezi tena kuandika. Kila Alhamisi kwa miaka mitatu alikuwa ameketi kando ya Jescah akimtajia maneno ya Kiidakho, lugha ya kwao, na maana zake, maneno aliyoyakusanya kwa wazee ambao wengi wao sasa wako kaburini. Kamusi nzima ilikuwa mle. Jescah aliibana kazi yote iwe faili moja ili itoshe kwenye disketi, kisha akaifunga kwa neno la siri, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Wazee walikuwa wamempa na maneno ya mwilini na ya unyumbani, yale ambayo mtu hayatamki mkwe wake akisikia, na aliwaahidi kwamba hakuna mkwe atakayeyafumania ovyo kabla kitabu hakijatoka. Hata kuchapisha nakala alikataa, akisema karatasi haina kufuli. Jescah naye alipoona haya siku ya kwanza, Mwalimu alimwambia mwandishi hana masikio.

Na mkwe wa kwanza wa kuogopwa alikuwa nani, kama si huyu huyu Cornelius, mume wa Lynette, bintiye Mwalimu? Kufuli liliwekwa kwa heshima yake, naye akalifanya kosa. Mjinga mkubwa!

Saa nne Mwalimu akaingia, fimbo mbele. Cornelius aliruka, akashusha miguu, akaficha kikombe, akajibanza ukutani na macho sakafuni kama mkwe apasavyo. Wakasalimiana kwa mbali bila kupeana mikono. Kisha akamtupia Jescah jicho la kumsihi anyamaze.

Anyamaze? Thubutu! Jescah alisema yote, hatua kwa hatua, hata ile karata iliyotibiwa.

"Na za akiba?" Mwalimu aliuliza.

"Na za akiba, Mwalimu. Nisamehe."

Mzee aliigonga fimbo sakafuni mara moja. Lakini mkwe hafokewi. Baba mkwe akimtukana mkwe wake aibu ni ya nyumba nzima, na hilo Mwalimu alilijua kuliko wote mle ndani.

"Jescah mwanangu, huyo bwana alitaka kujua kilichofichwa?"

"Ndiyo, alisema hivyo."

"Basi kaa uandike. Tuanze na yale tuliyoyafungia."

Akaanza kuyataja, kwa sauti ile ya darasani inayofika dawati la nyuma. Neno, halafu maana. La mwanamume, la mwanamke, la wanayofanya wakiwa wawili. Wateja waliangua kicheko, kisha wakaona uso wa mzee, wakanyamaza. Cornelius aliziba masikio. "Baba, tafadhali! Baba!" Mwalimu hakumgeukia, alipandisha sauti tu. Neno la tano lilimtoa Cornelius mbio ofisini mwake, bila koti, akipigana vikumbo na mlango.

"Nimejivua nguo mbele ya mkwe wangu," Mwalimu alisema taratibu. "Lynette atalia. Andika, mwanangu."

Jescah akaandika. La sita, la saba, la nane, la tisa. Kisha Mwalimu akanyamaza, mdomo wazi, vidole vikipapasa hewa.

"La kumi limenitoka. Alinipa mzee Andati."

"Nitaenda kwake kesho, nimuulize."

"Andati tulimzika Aprili."

Jescah alitamani kuing'oa ile mashine na kuirusha barabarani, imfuate mwenyewe. Aliandika kumi, akaacha nafasi. Akaandika kumi na moja, akamngoja mzee.