Picha Ambayo Bi Siu-gim Hakuifuata

"Shemeji, hivi marehemu mumeo alikuwa anatupa picha ambazo wenyewe hawakuzifuata?"

Ndivyo Mzee Khoo, jirani yangu anayeuza supu ya bata bukini, alivyoniuliza akiwa bado amevaa aproni. Mkewe, Bi Siu-gim, alikuwa amefariki ghafla jana yake. Watu wa mazishi walitaka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, naye alikuwa na ile ya kitambulisho tu. Mkewe mwenyewe alikuwa akisema picha ile inamfananisha na mwizi wa kuku.

Niliijua picha anayoitafuta. Hapa mjini Lukang wazee wengi hupiga picha ya mazishi yao wangali wazima, na Bi Siu-gim alikuja studio kwetu na sweta lake la zambarau, akamtania mume wangu mpaka kamera ikatikisika mkononi mwake kwa kicheko. Mzee Khoo alipopata habari alimkataza asiifuate. Alisema ni kuita kifo.

Mume wangu sasa hayupo, na kompyuta yake haiwaki. Lakini kila siku ya kutolea miungu sadaka ya duka, ubani ukiwa unawaka, alikuwa akichukua nakala ya kompyuta nzima, kila kitu kama kilivyo, na kuihifadhi kwenye diski ya pembeni. Nikaitoa kabatini, tukaenda kwa Phuay-ling, dada anayetengeneza kompyuta nyuma ya hekalu.

"Sasa itabidi uirudishe yote?" Mzee Khoo akamuuliza.

"Hapana, mzee. Naifungua kama nyumba, tunapita vyumbani, tunachukua chetu tunatoka. Hakuna kinachoguswa."

Akafungua nakala ya mwisho. Kazi za mume wangu zikajipanga kwenye kioo: harusi, watoto wachanga, wanafunzi. Folda ya picha zisizofuatwa ilikuwa tupu.

"Basi," akasema Mzee Khoo. "Nimeyataka mwenyewe."

"Tulia kwanza, mzee, kulia kuna wakati wake. Mama, nakala hii aliichukua lini?"

Nikasogea nikasoma tarehe. Ilikuwa siku chache baada ya mwaka mpya wetu. Hapo nikaelewa. Kila mwaka unapokaribia kwisha, tukishamuaga mungu wa jikoni apande mbinguni, mimi nilikuwa nikifagia nyumba na mume wangu akifagia kompyuta, ili mwaka usiingie juu ya uchafu.

"Alifanya usafi wa mwaka mpya," nikasema.

"Kumbe. Basi tuingie kabla hajafagia."

Akaifunga ile, akafungua iliyotangulia. Folda ilikuwa imejaa. Akashuka nayo taratibu, nami nikimwomba Mama Guanyin, mungu wa huruma, kimoyomoyo, mpaka sweta la zambarau likatokea. Bi Siu-gim, meno yote nje.

Mzee Khoo akavuta kiti akakaa.

"Ananicheka," akasema. "Mpaka leo ananicheka."

"Anakucheka wewe, mzee. Sisi hatumo," Phuay-ling akamjibu, huku akiinakili picha pembeni.

Nikaunganisha viganja nikashukuru. Nilimshukuru Mama Guanyin, kisha mume wangu, ambaye nilikuwa nikimlalamikia kwamba diski zake zinakula nafasi ya sahani zangu. Kumbe alikuwa akimtunzia jirani mke wake.

Picha ikachapishwa kubwa. Mzee Khoo aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaniinamia mpaka kichwa kikakaribia magoti. Kisha akaikumbatia kifuani na kutoka.